Nadine Labaki na wale aliowawekea dhamana

Katika filamu ya *Capharnaüm*, jina ambalo msomaji wa Biblia ya Kiswahili ataling'amua mara moja kuwa ni Kapernaumu, kuna mwanamke aitwaye Rahil ambaye hujichorea doa dogo jeusi usoni kabla ya kutoka kwenda kazini. Kitambulisho anachotumia kimeghushiwa, na sura iliyo kwenye picha ina doa hilo. Asipolichora, askari yeyote atakayemsimamisha njiani atakuwa na sababu ya kumtazama mara ya pili, na mtu asiye na karatasi hawezi kumudu kutazamwa mara ya pili.

Nilipofika hapo nikitazama pamoja na mama mdogo, aliniomba nisimamishe. Mama mdogo alifanya kazi za ndani mjini Beirut kwa miaka minne. Aliondoka Mombasa akiwa ameahidiwa mshahara mmoja na akalipwa mwingine, na pasipoti yake alikabidhi siku ya kwanza kwa mwajiri, asiiguse tena mpaka siku ya kurudi. Hapendi kuzungumzia miaka hiyo. Aliitazama ile sura iliyoganda kwenye skrini, kisha akasema, "Huyu haigizi, mwanangu. Tazama anavyoshika mkoba. Vitu vyake vyote vimo humo."

Nikamweleza yale niliyokuwa nimeyasoma. Aliyecheza nafasi ya Rahil ni Yordanos Shiferaw, mkimbizi aliyekuwa akiishi Lebanoni bila karatasi, na siku mbili tu baada ya kupigwa onyesho ambalo Rahil anakamatwa, yeye mwenyewe alikamatwa kweli na kutiwa ndani kwa kosa lile lile. Mwongozaji wa filamu, Nadine Labaki, pamoja na wenzake wakasimama kumdhamini. Mama mdogo alirudia neno hilo moja: kumdhamini. Kwake neno lina uzito ambao mimi sikuwa nao. Mfumo unaowafunga wafanyakazi wa nyumbani katika nchi ile huitwa *kafala*, na maana yake ni dhamana hasa: mwajiri ndiye mdhamini wako, na ukitoka nyumbani kwake bila idhini yake, umekuwa mhalifu siku hiyo hiyo. Kuna dhamana ya kukufunga mtu na dhamana ya kukufungua.

Tangu jioni ile nimekuwa nikiifuatilia kazi ya Labaki, na sioni njia nzuri zaidi ya kuieleza kuliko neno hilo. Huyu ni mwigizaji aliyejaliwa sura ambayo kamera inaipenda, akapata jina, kisha akalitumia jina hilo kuwawekea dhamana watu wasioaminiwa hata wanaposema wamezaliwa lini.

Alizaliwa mwaka 1974 katika mji wa Baabdat, juu milimani mashariki ya Beirut. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, navyo havikumalizika hadi 1990, kwa hiyo utoto wake wote ulipita humo. Amesimulia mara nyingi jinsi watoto wa kizazi chake walivyofungiwa ndani, shule zimefungwa, na televisheni ikawa ndiyo njia pekee ya kutoka nje ya nyumba. Alisomea fani ya picha na sauti katika Chuo Kikuu cha Saint Joseph mjini Beirut, na filamu fupi aliyohitimu nayo mwaka 1997 ilipata tuzo mjini Paris.

Kabla ya sinema kulikuwa na muziki. Mwaka 2003 aliongoza video ya wimbo *Akhasmak Ah* wa Nancy Ajram, ambayo inamweka mwimbaji huyo kama mwenye mkahawa anayewahudumia wanaume na kuwatawala kwa macho tu. Wapo waliokasirika, hasa kwa sababu ya gauni na kiuno. Sisi wa Pwani tuliozoea kusikia nyimbo za Kiarabu harusini tuliijua video hiyo bila kujua ni nani aliyekuwa nyuma ya kamera. Ukiitazama leo utaona jambo ambalo amelirudia katika kila kazi yake: mwanamke aliye katikati ya mahali pa kazi, mwenye jasho na sauti na amri yake.

Filamu yake ndefu ya kwanza, *Sukkar Banat*, ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2007, na yeye mwenyewe aliicheza nafasi ya Layale, msusi anayempenda mume wa mtu. Ulimwenguni ilijulikana kwa jina la *Caramel*, lakini jina la Kiarabu halihitaji tafsiri kwa Mswahili: sukari ya mabanati. Ni ile sukari inayochemshwa na ndimu na maji mpaka inageuka rangi ya asali, ikapozwa kidogo, ikavutwa kwa vidole, ikabandikwa kwenye ngozi na kung'olewa kwa nguvu ili kuondoa malaika, vile vinywele laini vya mwilini. Wanawake wa Pwani wanaijua. Utamu na maumivu vinatoka sufuria moja, na Labaki aliona kwamba hapo ndipo pa kuanzia kusema kuhusu wanawake wa nchi yake: yule ambaye si bikira na harusi inakaribia, yule anayezeeka na hataki ijulikane, yule anayependa mwanamke mwenzake na hana pa kulisema hilo. Karibu wote waliocheza hawakuwa waigizaji wa kazi hiyo. Upigaji picha ulikwisha siku chache tu kabla ya vita vya Julai 2006 kati ya Israeli na Hizbullah, na ameeleza hatia aliyoisikia alipokuwa akihariri filamu ya saluni na mapenzi wakati nchi inabomolewa. Nadhani hatia ile haikumwacha tena.

Tarehe 7 Mei 2008 mapigano yalizuka katika mitaa ya Beirut, majirani wakashikiana silaha kwa siku chache kana kwamba miaka kumi na minane ya amani haikuwahi kuwapo. Siku hiyo hiyo Labaki alijua kuwa ana mimba ya mtoto wake wa kwanza. Swali alilojiuliza ni lile ambalo mama yeyote angejiuliza: mwanangu akikua, nitafanya nini asichukue bunduki akaingia barabarani? Kutoka hapo ilizaliwa *Wa Halla' La Wein* ya mwaka 2011, kisa cha kijiji chenye msikiti na kanisa ambamo wanawake, Waislamu kwa Wakristo, wanafanya kila hila kuwazuia waume na watoto wao wasiuane. Labaki anacheza Amale, mwenye mkahawa, na kuna mahali ambapo uvumilivu unamwisha anawakemea wanaume waliojaa mkahawani kwake. Filamu ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Toronto. Mimi naiona ina mapungufu, maana wanaume wake ni wepesi mno kudanganywa, lakini kemeo la Amale sijalisahau.

Katika miaka yote hiyo aliendelea kuigiza katika filamu za wengine, Lebanoni, Morocco na Ufaransa, na sitazitaja zote. Ninalotaka kulitua ni mwaka 2015, kwa sababu ya taka.

Julai mwaka huo jaa kuu la Naameh, kusini mwa Beirut, lilifungwa bila kuandaliwa mahali pengine. Taka zikarundikana barabarani katikati ya joto la kiangazi, mifuko ikapasuka, wakazi wakazichoma moto, na watu wakaingia mitaani kuwaambia wanasiasa wao kwamba wananuka. Katika vuguvugu hilo kilizaliwa kikundi cha Beirut Madinati, yaani Beirut Mji Wangu, kilichosimamisha orodha ya wagombea 24 katika uchaguzi wa baraza la mji, nusu wanawake na nusu wanaume, nusu Waislamu na nusu Wakristo, wasio na chama nyuma yao. Nadine Labaki alikuwa mmoja wao. Tarehe 8 Mei 2016 walishindwa. Orodha iliyoungwa mkono na vyama vikubwa ilichukua viti vyote 24, ingawa orodha ya wananchi ilipata kura nyingi kuliko ilivyodhaniwa, karibu mbili katika kila tano.

Kwetu tumezoea wasanii wanaopanda majukwaani wakati wa kampeni, wakaimba wimbo wa mgombea na kushuka. Labaki alifanya kinyume. Aliweka jina lake kwenye karatasi ya kura kwa ajili ya baraza la mji, kazi ya mitaro na taka na taa za barabarani, akiwa tayari na filamu mbili zilizopita Cannes. Akashindwa mbele ya watu wote, akarudi kazini.

Na kazi aliyokuwa ameianza wakati huo ni *Capharnaüm*. Ameeleza chanzo chake: usiku wa saa saba, akirudi nyumbani kwa gari, alisimama kwenye taa na kumwona mwanamke ameketi kwenye zege la kutenganisha barabara akiomba, na mtoto mdogo mikononi mwake akisinzia na kuzinduka, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kulala pale. Alipofika nyumbani alichora uso wa mtoto anayewapigia kelele watu wazima. Kisha akaanza kwenda kwenye makazi ya wakimbizi, mahabusu za watoto na mahakama, kwa muda wa miaka kadhaa, na mwisho wa kila mazungumzo alimuuliza mtoto kama anafurahi kwamba yu hai. Wengi walimjibu hapana. Jina la filamu nalo lilikuja alipoandika kwenye ubao mambo yote anayotaka kuyasema, watoto wasiosajiliwa, ndoa za watoto, mipaka, wafanyakazi wa nyumbani, akarudi nyuma hatua moja na kuona vurugu tupu, maana kwa Kifaransa neno hilo limekuja kumaanisha vurugu na mrundikano.

Filamu ni kisa cha mvulana aitwaye Zain anayewashtaki wazazi wake mahakamani kwa kumzaa, na mvulana wa kuicheza nafasi hiyo Labaki alimpata mtaani. Zain Al Rafeea alikuwa mkimbizi kutoka Daraa, Syria, mwenye umri wa miaka kumi na miwili hivi, aliyefika Lebanoni na wazazi wake mwaka 2012 na ambaye hakuwa amesoma. Kimo chake kilikuwa cha mtoto wa miaka saba au minane, kwa sababu ya lishe. Nani angemwandikia mtoto kama huyo maneno ya kusema? Labaki alimpa hali na kumwachia lugha yake, matusi yake, mabega yake. Walipiga picha kwa miezi sita wakakusanya zaidi ya saa 500 za mikanda, na uhariri ukachukua takriban miaka miwili. Mumewe, Khaled Mouzanar, aliyetunga muziki na kuwa mtayarishaji, aliiweka nyumba yao rehani ili fedha zipatikane.

Kuna onyesho moja ninalotaka kulisogelea. Zain anagundua kabla ya mama yao kwamba dada yake Sahar, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, amevunja ungo. Anajua maana yake: mwenye duka anayemiliki nyumba wanamoishi anamtaka mtoto huyo, na damu ndiyo itakayokuwa ruhusa. Basi mvulana huyu anaifua nguo ya ndani ya dada yake kwenye sinki, anamvulia fulana yake aikunje aivae kama pedi, na anamfundisha kwa sauti ya ukali namna ya kuficha. Hakuna muziki wa kutuambia tulie. Kuna maji yanayotiririka, vidole vidogo vinavyosugua, na hofu ya mtoto anayefanya kazi ya somo. Kwetu jambo hilo lina mwalimu wake, lina chumba chake na nyimbo zake. Kuliona likifanywa na kaka mdogo, kwa pupa, chooni, lilinifanya niangalie pembeni.

Baadaye, akiwa ametoroka na kuachiwa mtoto mchanga wa Rahil, Zain anampa barafu iliyopakwa sukari, kwa kuwa hana maziwa. Na mahakamani, Souad, mama yake Zain, anamgeukia wakili wa mwanawe na kumuuliza kama amewahi kufika mahali pa kuwalisha watoto wake maji na sukari. Ndiyo ile sukari iliyoanza kazi yake mwaka 2007 kwenye sufuria ya saluni, na miaka kumi na moja baadaye imekuwa chakula cha mwisho ndani ya nyumba. Sijui kama Labaki alikusudia, lakini umbali kati ya sukari hizo mbili ndio umbali ambao yeye mwenyewe ametembea.

Wakili anayeulizwa swali hilo ni Labaki. Nafasi hiyo mwanzoni ilikuwa kubwa zaidi, na yeye ndiye aliyeipunguza, akieleza kwamba kati ya watu wanaoyaishi maisha yao mbele ya kamera, yeye peke yake alikuwa anaigiza. Mwigizaji gani hujikata mwenyewe? Amebakiza dakika chache, na katika dakika hizo anaketi akitukanwa na mama maskini ambaye ana haki ya kumtukana.

Nalisema hili kwa sababu lawama zilizotolewa dhidi ya filamu si ndogo. Wapo walioandika kwamba inauza umaskini kwa watazamaji wa Ulaya wenye machozi ya karibu, na kwamba kumfanya mtoto awashtaki wazazi wake kwa kumzaa ni kuwatwika maskini kosa la dola. Lawama ya pili naipa uzito. Dai la Zain mahakamani, kwamba wazazi wake wazuiwe kuzaa tena, linachoma, na mtu asiyewapenda maskini anaweza kulibeba akaenda nalo nyumbani. Hata hivyo jibu la Souad limo ndani ya filamu hiyo hiyo, na linatupwa usoni mwa aliyeitengeneza. Kuhusu lawama ya kwanza, mama mdogo aliniambia jambo nisiloweza kuliboresha: "Sisi hatukuwa siri. Walituona kila siku tukitandika vitanda vyao."

Cannes, mwaka 2018, filamu ilipewa Tuzo ya Majaji. Mwaka uliofuata Labaki akawa mwongozaji wa kwanza mwanamke wa Kiarabu kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. China peke yake ilikusanya zaidi ya dola milioni 50. Zain na familia yake walipewa makazi Hammerfest, kaskazini kabisa ya Norwei, ambako alianza kwenda shule.

Sheria ya kazi ya Lebanoni ya mwaka 1946 inawaacha nje wafanyakazi wa nyumbani katika kifungu chake cha saba, na bado haijabadilishwa. Septemba 2020 wizara ya kazi ilitoa mkataba mpya wa kuwaruhusu kuacha kazi na kushika hati zao wenyewe. Mwezi uliofuata Baraza la Shura, mahakama ya juu ya masuala ya utawala, likausimamisha. Mwaka huo, uchumi ulipoporomoka, waajiri waliwashusha wanawake wa Ethiopia na mabegi yao mbele ya ubalozi wao mdogo na kuondoka. Januari 2022 wanawake wa Kenya nao walipiga kambi nje ya ubalozi mdogo wa nchi yao mjini Beirut wakidai kurudishwa nyumbani. Mama mdogo alikuwa amesharudi wakati huo, lakini aliwatambua wawili kwenye picha za habari.

Oktoba 2019, serikali ilipotangaza kodi hata kwa simu za WhatsApp na wananchi wakafurika mitaani, Labaki na mumewe walikuwa miongoni mwao. Tarehe 4 Agosti 2020 tani 2,750 za amonia naitreti zilizoachwa bandarini zililipuka, zikaua zaidi ya watu 200. Miezi michache baadaye, katika nchi iliyokuwa bado inafagia vioo, alikubali kuigiza katika *Costa Brava, Lebanon* ya mwongozaji kijana Mounia Akl. Anacheza Souraya, mwimbaji wa zamani aliyehamia mlimani na familia yake kuukimbia uchafu wa mji, mpaka siku serikali inapoanza kuchimba jaa la taka kando ya bustani yao. Mgombea aliyeshindwa mwaka 2016 kwa ajili ya taka amesimama uani akizitazama zikimfuata. Ni uigizaji wake bora kuliko wote, kwa maoni yangu, na anaufanya karibu wote kwa kunyamaza.

Kisha akafanya jambo jingine lililonigusa. Katika *The Sand Castle*, iliyoingia Netflix Januari 2025, anacheza mama wa familia iliyonasa kisiwani, na mwanawe ni Zain Al Rafeea, sasa kijana mrefu mwenye sauti nzito. Binti wa familia hiyo ni mdogo wake Zain wa damu. Filamu yenyewe si nyepesi kuielewa, na wengi hawakuipenda. Mimi niliitazama kwa ajili ya kuwaona wawili hao wakiketi tena katika fremu moja, na safari hii yeye hakukaa kama wakili.

Tulipomaliza *Capharnaüm* usiku ule, mama mdogo hakuuliza habari za Zain. Aliuliza habari za yule mtoto mchanga. Nikamwambia kuwa katika filamu ni mvulana, Yonas, lakini aliyecheza ni msichana aitwaye Treasure, na kwamba wazazi wake nao walikamatwa wakati filamu ikipigwa, akatunzwa na mmoja wa watu wa filamu mpaka walipotoka. Baadaye baba alirudi kwao Nigeria, na mtoto akaja na mama yake hapa hapa Kenya.

"Kenya ipi?" akauliza, kana kwamba ziko mbili. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: alikuwa bado ananyonya, wakapiga mwaka fulani, sasa ni mwaka huu. Alirudia kuhesabu mara mbili. "Basi yuko shule ya msingi," akasema. "Ameshajua kuandika jina lake."